Pesa ya kesi isinunue sukre ya kumwagilia



Katika mkutano uliopita tulisikia pendekezo lililochekesha wengine, lakini si wote walicheka. Mchuuzi mmoja ameshuka na treni hapa Kaniama, akaleta kasiye za sukre zilizopita tarehe. Anaziachia kwa bei ya chini. Anasema hazifai tena kunywa, lakini ni dawa kubwa ya kumwagilia nyanya, kabichi na mahindi machanga, maana mmea unapenda sukari kama mtoto. Wenzetu wanne wakainua mkono: tutoe pesa kwa kesi, tununue kasiye zote. Sisi wa kamati tunasema hapana. Na kwa kuwa mtu hawezi kuambiwa hapana tupu, tunaeleza hapa juu ya nini.

Tuanze na kile kilicho ndani ya chupa. Ni maji, sukari, gesi, asidi, rangi na harufu. Chupa ya Coca-Cola ya santilita 33 iko na sukari karibu gramu 35. Iko pia na asidi ya fosfori, na hapo njo wanaoitetea wanashika: fosfori si ni chakula cha mimea? Ni kweli. Lakini fosfori ya chupa hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya gramu. Kilo moja ya angre 17-17-17 iko na fosfori gramu 74 hivi. Piga hesabu mwenyewe: unahitaji chupa zaidi ya 700 ili ufikie kilo moja tu ya angre. Na azoti, ile inayofanya majani ya mahindi yawe kijani ya nguvu, karibu haimo kabisa.

Sasa ile sukari. Mmea haunyonyi sukari kwa mizizi kama mtoto anavyonyonya peremende. Unajipikia sukari yake ndani ya majani, kwa mwanga wa jua, hewa na maji. Ukimwaga sukari nyingi kwenye mizizi, unaleta kinyume. Kila mama aliyewahi kutia samaki chumvi amekwisha ona: chumvi inavuta maji, yanatoka ndani ya samaki yanabaki chini ya beseni. Sukari nayo inavuta maji namna ile ile. Mche unasimama katika udongo uliolowa, na bado unakauka kwa kiu. Tena vijidudu vya udongo vinafurahia sukari, vinazaana haraka, na ili vizaane vinachukua azoti ile kidogo ambayo mche wako ulikuwa unangojea. Kisha ukungu, kisha sisimizi, kisha nzi.

Juu ya asidi tusitie chumvi kupita kiasi. Sukre ina asidi kali, lakini chupa moja haiwezi kuharibu shamba zima, udongo utaimeza. Ila udongo mwekundu wa Katanga, mara nyingi, tayari uko na asidi. Juu ya nini tununue nyingine, wakati jivu la jikoni linalopunguza asidi tunalitupa nyuma ya nyumba?

Hatukutaka kusema kwa mdomo tu. Nyuma ya depo tulipanda maharagwe katika makopo sita ya tomate, matatu tukamwagilia maji ya kisima, matatu sukre ya yule mchuuzi. Ya maji yaliota vizuri. Katika yale ya sukre udongo ulifanya utando mweupe, ukanuka kama pombe iliyoharibika, na miche miwili iliyojaribu kutoka ilikuwa ya manjano ikalala chini. Makopo sita si utafiti, tunajua. Lakini yako pale pale, yeyote apite aangalie.

Mmoja wetu aliuliza swali zuri: mbona watu wa India walitumia sukre na wakasifu? Ni kweli. Mwaka 2004 wakulima wa Chhattisgarh na Andhra Pradesh walinyunyizia mashamba ya mpunga na pamba Coca-Cola na Pepsi. Lakini sikilizeni vizuri: hawakuwa wanamwagilia mizizi. Walinyunyizia majani, kama dawa ya wadudu, kwa sababu dawa yenyewe ilikuwa bei kali. Na wataalamu waliotoa maelezo walisema kama kuna kilichosaidia, ni sukari: inaita sisimizi, na sisimizi wanakula viwavi. Makampuni yenyewe yalikataa kwamba kinywaji chao ni dawa ya wadudu.

Hapo kuna kitu cha kutufaa, juu ya kiwavi jeshi. Mdudu huyu alionekana mara ya kwanza Afrika magharibi mwaka 2016, na hakukawia kufika kwetu Kongo. Wote tunajua mahindi yaliyotobolewa moyo. Huko Honduras watafiti waliandika mwaka 1998 kwamba mahindi yaliyonyunyiziwa maji ya sukari yalivuta wadudu rafiki wengi zaidi, na majani yakaliwa kidogo. Basi anayetaka kujaribu, ajaribu kwa mistari michache, kwa maji ya muwa aliyokamua mwenyewe, yaliyochanganywa na maji mengi, juu ya majani. Muwa haupandi treni wala haulipi kasiye.

Na kama mtu ana chupa yake ya sukre nzuri, isiyopita tarehe, ainywe tu. Kinachotoka baadaye kina faida kwa shamba kuliko kilichoingia! Msicheke. Lita moja ya mkojo iko na azoti gramu tatu mpaka saba. Unauweka katika bido iliyofungwa vizuri, mwezi mmoja, kisha unachanganya na maji mara tano au zaidi, unamwaga kwenye udongo kando ya shina, si juu ya majani, na unaufunika na udongo. Huko Niger wamefanya hivyo katika bustani na mashamba yao. Tunajua wapapa wengine wataona haya. Haya hazina azoti hata gramu moja.

Kwa hiyo tunaomba kura hivi: pesa iliyoko katika kesi inunue angre kidogo na mbegu nzuri kabla ya mvua, maana mvua haingojei mkutano. Wenye majani ya tithonia kando ya njia wayakate, wayafukie yakiwa bado mabichi. Jivu lisitupwe.

Mchuuzi anasema atapita tena na treni ijayo kuchukua jibu. Siku gani, hakuna anayejua, treni yetu mnaijua. Akija, aambiwe kwamba tutanunua kwake kasiye moja tu, ya sherehe ya mavuno, na tutaangalia tarehe kwanza.