UKURASA WA MKULIMA: Soma Jani, Soma na Mfuko

Ndugu mkulima wa Terrat,

Umelima vizuri. Umepanda mapema. Umetia mbolea. Mvua nayo imenyesha. Lakini wiki ya tatu mahindi yamedumaa na yamepauka. Je, utaongeza mbolea ileile? Ngoja kwanza. Soma jani.

Jani linasema nini?

Majani ya chini yakigeuka manjano kuanzia nchani, mara nyingi mahindi yana njaa ya naitrojeni. Lakini majani machanga ya juu yakiwa na utepe mweupe kila upande wa uti wa jani, na mmea ukiwa mfupi, huenda udongo umepungukiwa na zinki.

Zinki ni madini. Mmea huyahitaji kidogo sana, lakini bila hicho kidogo haukui.

Mbolea huletaje njaa?

Mbolea ya kupandia kama DAP ina fosfeti nyingi. Fosfeti ni nzuri, maana hukuza mizizi. Lakini ikizidi katika udongo wenye zinki kidogo, huleta shida. Mmea hukua upesi, na zinki ni ileile. Ni kama kuongeza maji katika mchuzi bila kuongeza chumvi. Tena fosfeti nyingi hupunguza kuvu wema wanaoisaidia mizizi kuvuta zinki. Udongo wenye magadi au chokaa nao hushika zinki isitoke.

Huko Uturuki, katika miaka ya 1990, ngano ya nyanda za Anatolia ilikuwa ikidumaa. Wataalamu walikuta udongo hauna zinki ya kutosha. Ilipotiwa zinki, mavuno yaliongezeka.

Hasara haiishii shambani. Mahindi yaliyokosa zinki hutoa unga wenye zinki kidogo. Mtoto anayekula ugali mtupu kila siku anaweza kudumaa kama hayo mahindi. Mwili wake hukosa nguvu ya kupigana na kuhara. Ndiyo maana tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri mtoto anayehara apewe vidonge vya zinki pamoja na maji ya chumvi na sukari ya dawa. Maharage na nyama vina zinki. Mpe mtoto.

Ufanye nini?

1. Toa samadi zizini, iache ioze, kisha itie shambani. Samadi ina zinki, nayo huusaidia udongo kuitoa. Usiiuze yote.

2. Pima mbolea ya kupandia kama afisa ugani anavyokueleza. Usikisie.

3. Soma mfuko kabla ya kununua. Herufi Zn maana yake ni zinki. Minjingu, mkoani Manyara, hutengenezwa mbolea ya fosfeti iliyotiwa zinki.

4. Usitie zinki kwa wingi. Kilo chache kwa ekari hutosha. Ikizidi hudhuru.

5. Mwombe afisa ugani wa kata akueleze jinsi ya kupima udongo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian kipo hapa hapa Arusha.

Ndugu mkulima, zamani mfuko wa mbolea ulikuwa mfuko tu. Sasa unajua kusoma. Usisomewe na muuza duka. Usome mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana

1. Njaa ya zinki huonekana kwenye majani yapi?
2. Kwa nini mbolea nyingi inaweza kudumaza mahindi?
3. Samadi ya zizi lako huenda wapi?