Gurudumu la Tatu Si Kinga

Watu wengi hudhani ya kuwa baiskeli ya magurudumu matatu haiwezi kuanguka, kwa sababu husimama yenyewe. Mimi sikubali. Kusimama ni jambo moja, na kwenda mbio ni jambo jingine.

Mtazameni mpanda baiskeli ya magurudumu mawili akizunguka kona. Huiinamisha upande wa ndani, na kwa kuinama hujizuia asianguke upande wa nje. Baiskeli ya kawaida ya magurudumu matatu haiinami. Ikikata kona kwa kasi, gurudumu la ndani huinuka, kisha yote hupinduka. Tena mwendo ukizidi mara 2, nguvu ya kuipindua huzidi mara 4.

Basi mwenye kuiunda kwa mikono yake afanyeje? Kwanza, akiweke kiti chini, mpandaji aketi karibu na ardhi, miguu ameinyosha mbele. Na magurudumu mawili ya sambamba yaachane sana. Chupa ikisukumwa huanguka, sahani haianguki.

Pili, kama magurudumu mawili yako mbele, yasigeuke kwa kadiri moja. La ndani hupita duara dogo, la nje duara kubwa. Kwa hiyo la ndani halina budi kugeuka zaidi, ama sivyo moja litaburutwa, na mpira wake utalika upesi. Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1817 Georg Lankensperger, fundi wa magari ya farasi katika mji wa Munich, Ujerumani, alibuni njia ya kuligeuza kila gurudumu la mbele kwa kiungo chake. Na mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliiandikisha kwa sheria mjini London.

Wako mafundi waundao baiskeli za magurudumu matatu ziwezazo kuinama. Ni kazi nzuri, lakini viungo vyake ni vingi; anayejifunza asianzie hapo.

Huenda mtu akasema, "Huu ni mchezo tu." Sivyo. Baiskeli za magurudumu matatu hupandwa na watu wengi wasioweza kutembea. Ikipinduka, mwenye miguu mizima huenda akaruka, yeye hawezi. Kwa hiyo naona ni wajibu wa fundi kuipanda mwenyewe kwanza, uwanjani, polepole, kisha kwa kasi zaidi, kabla ya kumkabidhi mwenziwe. Nanyi, wanafunzi, mkiunda kigari chochote, fanyeni vivyo hivyo.