Roboti Aandikwe Kwanza, Ndipo Abanwe Sauti

Vijana wenzangu wa hadithi za kusikiliza, hebu tuambizane ukweli. Kila anayerekodi mchezo wa sayansi ya kubuni kwenye kompyuta ana roboti wake, na maroboti wote wana sauti moja: mtu aliyetumbukiza kichwa kwenye pipa. Ukitega sikio umsikie anasema nini, patupu. Mara "sistemu", mara "komandi", halafu mngurumo. Huo ni uvivu wa kalamu umejificha nyuma ya mashine.

Mwaka 1963, BBC ya Uingereza ilipoanza mchezo wa televisheni wa Doctor Who, Brian Hodgson aliwatengenezea Dalek sauti kwa kifaa kiitwacho ringi modyuleta. Sauti ya mwigizaji inazidishwa na wimbi la chini sana, kama mitetemo 30 kwa sekunde, inatoka ikitetema kama bati. Lakini waigizaji walikuwa wanakatakata maneno kwa midomo yao wenyewe kabla umeme haujagusa kitu, na maneno yenyewe yaliandikwa mafupi, ya kuamrisha. Ukatili ulikuwa kwenye karatasi.

Kwenye Kiswahili mambo ni magumu zaidi, na matamu zaidi. Roboti wa vokoda kwa kawaida husema kwa noti moja. Vokoda inachukua umbo la maneno yako na kulivika mlio mwingine, basi kupanda na kushuka kwa sauti yako kunapotea. Mwingereza haumii sana, maana akiuliza hugeuza mpangilio wa maneno. Sisi je? "Unakwenda Pangani" na "Unakwenda Pangani?" maneno ni yale yale, kilichobadilika ni sauti tu. Ukiinyoosha, roboti wako hawezi kuuliza! Mfikirie yuko kivukoni Pangani, anataka kuvuka kwenda Bweni ashike njia ya Ushongo. Anamgeukia mzee mmoja, anasema kwa noti moja: "Utavuka leo." Mzee asikie nini, swali au utabiri wa kifo? Hadithi imeshaanza hapo, na bado hujagusa kitufe.

Na ngeli? Roboti "ameharibika" au "imeharibika"? Fundi anasema imeharibika, mtoto aliyelelewa naye analia kwamba anaumwa. Kiambishi kimoja kinabeba ugomvi wa nyumba nzima. Na nani amwamkie nani, ikiwa mlezi ni mashine ya miaka miwili na mtoto ana sita?

Eti Kiswahili hakifai mambo ya angani! Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga, aliiweka nchi nzima hewani katika Kusadikika, mwaka 1951, na watu wake wanashitakiana kwa Kiswahili kilichonyooka. Na bibi zetu je? Bibi akifika kwa zimwi anabana pua, anaburuza maneno, watoto wanasogeleana. Hakubana pua ili asisikike.

Sisemi tuache mashine. Ila iwe yetu. Vokoda inataka sauti mbili: yako, na ile ya kuivika. Kwenye Audacity, programu ya bure, yako inakaa upande wa kushoto wa treki, ya pili kulia. Kwa nini ya pili iwe kinanda kile kile alichopakua kila mtu? Omba ruhusa ukarekodi korona ikikwangua mkonge, Mwera au Sakura (mashine, jamani, si maradhi). Mlio usiokatika, mzito chini na mkali juu, ndio vokoda inaupenda. Ukiipa mlio usio na ukali, "s" na "sh" zinakufa, na msikilizaji anaanza kubahatisha. Kisha chomekea sauti yako halisi kidogo chini yake, maneno yashikike.

Roboti mwenye sauti ya korona, ndani ya nyumba ya mzee aliyekata mkonge maisha yake yote. Mwandikie huyo sentensi tatu tu, moja iwe swali.