Mlipa Ushuru wa Reli Asomewe Mkataba

Robota la mitumba lifunguliwapo alfajiri hapa Githurai 45, kando ya Barabara Kuu ya Thika, limekwisha kulipa njia yake yote kutoka Kilindini. Miongoni mwa tozo lililobeba imo moja ambayo wachache huitaja: ushuru wa maendeleo ya reli. Ulianzishwa mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa iingiayo nchini, na tangu hapo kiwango chake kimepanda na kushuka. Mama auzaye shati sokoni hajapata kuonana na ofisa yeyote wa reli, lakini sehemu ya reli ile ameijenga yeye. Kwa wale wasomaji wanaotuuliza jarida la huku bara lina haja gani na bandari ya Mombasa, jibu letu ni hilo.

Reli ni kitu chema, na Pwani haiwezi kustawi kwa malori peke yake. Reli ya kwanza ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wabunge wa Uingereza waliibishania gharama yake hadharani, wengine wakaiita wazimu. Babu zetu, wenye ardhi, hawakuulizwa neno. Lakini mlipa kodi wa London angalau alisikia fedha zake zikijadiliwa.

Reli mpya ya kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017. Gharama yake ilikuwa takriban shilingi bilioni 327, na sehemu kubwa ni mkopo wa benki ya Exim ya Uchina. Mikataba ikafungiwa kabatini. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba mizigo iendayo bara ipakiwe katika mabehewa na ikashughulikiwe katika bandari kavu ya Embakasi. Mawakala wa forodha, wenye mabohari, madereva na utingo wa Mombasa wakaona riziki inawatoka mikononi. Mariakani, Voi na Mtito Andei, miji inayoishi kwa kumlisha na kumlaza dereva wa lori, ikaingiwa na hofu iyo hiyo. Watu wa Mombasa wakaandamana. Mfanyabiashara naye akanyimwa hiari: kontena likishushwa Embakasi humlazimu bado kukodi lori la kulifikisha dukani.

Kwa nini mwenye mzigo alazimishwe njia, ikiwa njia hiyo ni nafuu kama tulivyoambiwa? Mamlaka ya Bandari ilikuwa imetia saini mapatano ya kulihakikishia Shirika la Reli kiasi maalumu cha mizigo; kikipungua, bandari ilipe. Aliyetia saini alijua kwamba siku moja mizigo ingehitaji kusukumwa. Aliyesukumwa hakujua.

Amri hiyo ilisitishwa Oktoba 2019 baada ya maandamano, na Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaibatilisha. Septemba 2022 Rais William Ruto akaagiza shughuli za kutoa mizigo zirudishwe Mombasa. Mei mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikuwa imeiamuru serikali iwape wanaharakati wawili nakala za mikataba. Novemba, Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen akatoa sehemu yake. Twaishukuru sehemu hiyo. Lakini katika makanisa yetu, mweka hazina akisoma nusu ya hesabu ya mchango wa paa kisha akaketi, waumini hawaitiki amina.

Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, wengi wetu tulidhani kwamba vyama vikiwa vingi, kabati zitafunguka zenyewe. Serikali zimebadilika, na kabati zimebaki na kufuli zilezile.

Jambo hili halijawa historia. Mwaka 2025 serikali ilitangaza nia ya kuiendeleza reli kutoka Naivasha hadi Kisumu na Malaba, kwa fedha zitakazopatikana kwa kuuweka dhamana ushuru huuhuu alipao mama wa Githurai. Safari hii mkataba usomwe kabla ya tingatinga kuwashwa.

Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi iliyoombwa ijibu katika muda wa siku 21. Barua haihitaji wakili. Twaomba kila kikundi na kila parokia iandike moja kwa Wizara ya Uchukuzi, ikitaka mambo matatu: masharti ya mkopo, kiasi cha mizigo kilichoahidiwa, na nani atalipa kikikosekana. Ikinyamaziwa, malalamiko yapelekwe kwa Ombudsman pamoja na nakala ya barua na tarehe ilipopokelewa.