FUMBO LA MANENO: NGUZO NA NDUGU ZAKE

Fumbo letu lililopita limeniletea barua nyingi, na chache tu ni za kunisifu. Kisa ni swali namba 4, kwenda chini: “Mti usimamishwao kusaidia nyumba, herufi 5.” Herufi ya kwanza ilikwisha julikana kuwa ni M, kwa hiyo NGUZO haikuweza kuingia, ingawa wako walioisukuma kwa nguvu. Jibu langu lilikuwa MWIMO. Msomaji mmoja, mkulima, aliandika MWEGA, na alipoona amehesabiwa kuwa amekosa, aliniuliza kwa adabu ni nani aliyenifundisha kwamba mwimo husaidia nyumba.

Nimelifikiri jambo hili siku tatu. Miimo ni ile miti miwili ya kando ya mlango, kuume na kushoto, nayo kazi yake ni kuushika mlango. Mwega ni mti wa kuegemeza: ukuta ukianza kulala, au mgomba ukilemewa na mkungu wake, huwekewa mwega. Nilidhani neno “usimamishwao” litautenga mwega, maana wenyewe hukaa mshazari. Lakini mti uliokaa mshazari haukulazwa; nao umesimamishwa. Basi jibu la mkulima huyu ni bora kuliko langu. Mhariri amekubali kwamba yeye, na kila aliyeandika MWEGA bila kosa lingine, apewe zawadi sawa na wenzake.

Juu ya namba 9 sirudi nyuma. Niliuliza sehemu ya chini ya nguzo, ionekanayo, herufi 6. Walioandika MSINGI wamehesabu herufi sawasawa, walakini msingi hufukiwa ardhini. Kilicho juu ya ardhi, kipana, ambacho nguzo hukalia, ni KITAKO.

Karani mmoja wa bara analalamika kwamba BAMBA, BORITI na TUMBAWE ni maneno ya nyumba za mawe, na kwamba sisi wa nyumba za udongo tunashindwa kabla ya kushika kalamu. Kweli, maneno hayo yana kwao. Tumbawe likitolewa baharini bichi huwa laini, hata mwashi huweza kulichonga nakshi; likikauka huwa gumu. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua ukubwa wa vyumba vya Lamu: kwa kuwa boriti haivuki nafasi kubwa, chumba huweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake hukaribia metre 3 tu. Na aendaye Gedi ataona kaburi la mawe lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Maneno yaliyotumika muda wote huo siwezi kuyafukuza katika fumbo kwa sababu hayakuzaliwa kijijini kwetu.

Hata hivyo, karani huyo ana haki ya kudai zamu yake. Nguzo, pau, fito na kombamoyo ni maneno ya nyumba ya udongo, na fumbo lijalo litajengwa kwayo. Swali la kwanza nalitoa leo, herufi 6: juu ya nyumba hushika makombamoyo, baharini huvunja vyombo.