Mnunuzi wa mbali naye ana haki

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, tangu msimu ulioanza Oktoba 2024 korosho za Mtwara zinauzwa katika mnada wa mtandao, kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkulima wa Kitaya au Nanyamba hupeleka magunia yake katika chama cha msingi, yakaenda ghalani, na mnunuzi akatoa bei yake kwa kompyuta akiwa mbali. Ni jambo la kheri, kwani bei inaonekana wazi.

Lakini tujiulize: huyo anayenunua tunamjua?

Wazee wetu wa pwani hii walifanya biashara na watu wa Bara Hindi na Arabuni. Jahazi lililokuja na kaskazi lilingoja kusi ndipo lirudi. Katika miezi hiyo mgeni alikuwa jirani. Aliswali nasi, akahudhuria harusi na maziko yetu. Mwenye kumuuzia kitu kibovu alijua kuwa watakutana msikitini. Leo bei hufika kwa dakika chache, na uso wa mtu haufiki.

Matokeo yake tumeyaona. Mwanzoni mwa mwaka 2018 zilitufikia habari za kuaibisha kutoka Vietnam, za korosho za Tanzania zilizokutwa zimechanganywa na kokoto. Aliyetia kokoto alidhani anamdanganya tajiri asiyemwona. Kumbe gunia likifika Binh Phuoc, au Kollam kule Kerala nchini India, hupokewa na wabanguaji, wengi wao wanawake wanaotafuta riziki ya watoto wao kama mama zetu. Na kwa kuwa ghalani gunia la mwaminifu hulala pamoja na la mdanganyifu, kule halitajwi jina la mtu. Linatajwa jina la nchi, na hasara inamrudia hata yule asiye na kosa.

Imepokewa na Imam Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, na akabainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Hukumu hiyo haikuwekewa mpaka wa umbali. Mnunuzi aliye ng'ambo ya bahari ana haki ile ile ya aliye mbele yako, wala haangaliwi dini yake.

Basi chombo kilichotuletea bei kitutumikie pia katika kujuana, kwani Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kuwa mataifa na makabila yamewekwa ili watu wajuane. Kila chama cha msingi kina vijana wanaojua intaneti. Wapewe kazi ya kuwatafuta wenye viwanda na vyama vya wabanguaji kule, wawaulize: mmekuta nini ndani ya magunia yetu? Wawatumie picha za korosho zikianikwa juani na kuchambuliwa. Wajifunze kalenda za wenzetu: Tet, mwaka mpya wa Wavietnam, huangukia Januari au Februari na viwanda hufungwa, Diwali ya Wahindi huja Oktoba au Novemba, na korosho hutakiwa sana. Wakipatwa na mafuriko, watumiwe pole kabla ya kuulizwa malipo.

Tahadhari ipo. Matapeli nao wamo mtandaoni, hivyo mikataba na fedha vibaki kwa viongozi na kwa maandishi. Vijana kazi yao iwe kujenga ujirani.

Na wewe baba, jioni ya leo ukichambua korosho pamoja na wanao, kokoto moja ukiikuta waonyeshe, kisha itupe mbele yao. Waambie kuna mama, mbali sana, ambaye mkono wake ungeigusa.

Wabillahi tawfiiq.