SOMA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Ndugu Wafanyi Kazi,

Majuzi, saa ya chai, mtu alifika langoni mwa karakana na karatasi ndefu. Alitaka majina, namba za vitambulisho na sahihi zetu ili Katiba ibadilishwe. Tulipomwuliza ni kitu gani kitakachobadilishwa, alijibu kwamba tutaelezwa baadaye. Wengine walitia sahihi hivyo hivyo wapate kurudi kazini. Jambo hili si zuri. Kwa hiyo leo tunaeleza njia ilivyo.

Katiba yetu ya 2010 yaweza kubadilishwa kwa njia mbili. Ya kwanza huanza Bungeni. Mswada ukisha kusomwa mara ya kwanza, lazima zipite siku 90 kabla ya kusomwa mara ya pili. Kisha sharti ukubaliwe na thuluthi mbili ya wajumbe wote wa Bunge la Taifa, na thuluthi mbili ya Seneti.

Ya pili huanza kwa wananchi. Zatakiwa sahihi za wapiga kura walioandikishwa wasiopungua 1,000,000. Tume ya Uchaguzi huzihakikisha, kisha huupeleka mswada kwa mabunge ya kaunti, nayo yana miezi 3 ya kuamua. Yakikubali 24 kati ya yote 47, mswada huenda Bunge la Taifa na Seneti.

Lakini yako mambo makubwa ambayo, hata baada ya hayo yote, lazima yapigiwe kura ya maoni nchi nzima. Wanaokubali sharti wawazidi wanaokataa. Tena, katika nusu ya kaunti au zaidi, asilimia 20 ya walioandikishwa katika kila moja wawe wamepiga kura.

Haya yatuhusu nini sisi? Kifungu cha 41 chatupa haki ya ujira wa haki, haki ya kujiunga na chama, na haki ya kugoma. Nacho kimo katika Sheria ya Haki, ambayo haibadilishwi bila kura yetu. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1982 Bunge peke yake liliifanya Kenya nchi ya chama kimoja, na mwananchi hakuulizwa. Ilichukua mpaka 1991 kuifuta sheria ile.

Tena tarehe 31 Machi 2022, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa njia ya sahihi. Njia hiyo ni ya raia. Basi tusiichezee.

Stesheni masta hatoi idhini ya gari kuondoka kabla ya kujua kwamba njia i wazi. Sahihi yako nayo ni idhini. Mwenye karatasi akija tena, mwambie aulete mswada wenyewe, usomwe kwa sauti mbele ya wote. Akikataa, mrudishie kalamu yake.

Umoja ni nguvu.

Mhariri